Ajuaye Bei Anadaiwa Nini?

Buswelu hakuna mwalo wa kushushia samaki. Kuna miamba, kuna viwanja vipya visivyoisha kupimwa, kuna lami inayopita Kiseke hadi Sabasaba, na kuna ofisi za Manispaa ya Ilemela, iliyojitenga na Jiji la Mwanza mwaka 2012. Ziwa liko ng'ambo ya vilima. Lakini dagaa hawakosekani. Wamemwagwa juu ya turubai kando ya njia, wanapimwa kwa sado au kwa kikombe, na mama anayenunua huanza kwa kuwachambua kwa vidole: wana mchanga au hawana, walianikwa kwenye chanja au chini, walikaushwa na jua la siku moja au walinyeshewa wakaanikwa upya. Akilalamikia bei hujibiwa, "Dada, huko Mwaloni kwenyewe hawashikiki."

Hana namna ya kuhakikisha. Pengine ni kweli. Pengine pia boti zimeshusha mzigo kwenye soko hilo la Mwaloni, Kirumba, alfajiri hiyo kutoka visiwa vya Ukara na Goziba, na muuzaji ameshapigiwa simu kwamba kesho bei itashuka, ila hawa wa leo aliwanunua kwa bei ya juzi na anataka waishe kwanza. Hajasema uongo. Amenyamaza tu. Je, kuna alichomdhulumu mteja wake?

Swali hilo ni la zamani kuliko Mwanza yenyewe. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasheria na mwanasiasa wa Roma, alimwandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake akaweka kisa cha mfanyabiashara aliyetoka Alexandria na shehena ya nafaka akafika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameziona meli nyingine, zimesheheni, zinakuja nyuma yake. Watu wa Rhodes hawajui. Awaambie, au auze kwanza kwa bei ya njaa? Cicero anawapa hoja wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji ataje kasoro ya bidhaa pale sheria inapomtaka, na asidanganye. Zaidi ya hapo, kunyamaza si kuficha, na mali ni yake. Antipater, mwanafunzi wake, hakubali. Binadamu, anasema, amezaliwa ndani ya jamii na faida yake imefungamana na ya wenzake. Utawezaje kuwaficha wenye njaa kwamba shibe iko jirani? Cicero mwenyewe aliegemea kwa mwanafunzi.

Karne 13 baadaye, mwanateolojia Thomas wa Akwino alikishika kisa hichohicho akakigeuza kidogo. Kwa hesabu yake, anayeuza kwa bei iliyopo sokoni havunji haki kwa kunyamazia habari za kesho; ila akisema, atakuwa ameonyesha wema uliokamilika zaidi. Muuzaji wa Buswelu angetoka kwenye kitubio bila malipizi mazito.

Uislamu uliliendea jambo hilo kwa njia ya vitendo zaidi. Katika hadithi zilizokusanywa na Bukhari na Muslim, Mtume alikataza watu wa mjini kutoka kwenda kuilaki misafara njiani kabla haijafika sokoni. Wanazuoni wameeleza sababu yake: mtu wa jangwani hajui bei ya mji, na anayemlaki anaijua, basi anamnunulia ujinga wake pamoja na ngamia wake. Riwaya moja ya Muslim inaongeza jambo ambalo Cicero na Thomas hawakulifikia: mwenye mali akishafika sokoni akaiona bei, ana hiari ya kuuvunja mkataba. Yeyote anayejua jinsi maboti ya kukusanyia sangara, yamejaa barafu, yanavyowafuata wavuvi visiwani badala ya kuwasubiri mwaloni, hataona katazo hilo kuwa la ngamia peke yao.

Pamoja na tofauti zao, wote hao waliliona swali likianzia pale mmoja anapojua na mwingine asijue. Wape wote habari, na swali litakufa lenyewe. Mwishoni mwa karne ya 20 ilionekana kana kwamba dawa imepatikana, na mahali ilipojaribiwa ni ufukweni, kwa watu wanaoishi kwa samaki.

Tarehe 14 Januari 1997, kwenye ufuko wa Badagara katika jimbo la Kerala, India, wavuvi 11 walimwaga samaki wao kwa kukosa wanunuzi. Siku hiyohiyo, kwenye masoko ya jirani yasiyozidi kilomita 15, wanunuzi 27 walikuwa wakitafuta samaki hao hao. Mchumi Robert Jensen alilisimulia tukio hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na tangu hapo umekuwa kama msahafu wa watu wa teknolojia na maendeleo. Kati ya 1997 na 2001 minara ya simu ilijengwa hatua kwa hatua kwenye pwani ile, na mawimbi yake yalifika kilomita 20 hadi 25 baharini. Wavuvi wakaanza kupiga simu wakiwa bado majini, wakauliza soko gani lina wateja, wakageuza mtumbwi. Samaki waliokuwa wakitupwa, kati ya asilimia 5 na 8 ya mavuno ya siku, wakawa karibu hawatupwi kabisa. Faida ya mvuvi ilipanda kwa wastani wa asilimia 8, na mlaji akapunguziwa bei kwa asilimia 4. Hakuna aliyetoa ruzuku. Kila mtu alilipia simu yake.

Habari hizo zilisafiri upesi. Nchini Bangladesh, kuanzia mwaka huohuo wa 1997, wanawake wa vijijini walikuwa wakikopeshwa simu na kuwauzia majirani dakika. Mpango huo ukaletwa Uganda na kampuni ya simu ya MTN mwaka 2003. Mwaka 2010 kampuni ya Bharti Airtel ya India ilinunua mitandao ya Zain barani Afrika, na tangu hapo sehemu ya sauti zinazovuka Ziwa Victoria usiku inapita kwenye mtandao wenye mwenyewe Delhi. Kisumu, Kenya, watafiti wa uvuvi walianzisha huduma ya kutuma bei za samaki kwa ujumbe mfupi mwaka 2009. Mwanza haikusubiri mradi. Ilinunua vocha.

Manufaa yake yalionekana, na kuyabeza ni dharau kwa watu wanaoyaishi. Dagaa huvuliwa wakati wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Zamani karabai, siku hizi zaidi taa za sola na betri. Mbalamwezi ikija, kambi hupumzika na nyavu hushonwa. Mzigo wa usiku mmoja ukishaanikwa huwa na adui mmoja mkubwa, naye ni wingu. Mvua ya saa moja inaweza kugeuza chakula cha watu kuwa chakula cha kuku, na bei ikafuata. Kwa hiyo mama aliyeko kambini, akiwa na kitochi chenye chaji, hufanya mambo ambayo mama yake hakuweza: humwuliza dalali wa Kirumba kama wanunuzi Wakongo wameingia, huuliza magari ya Rwanda yamepakia au yanasubiri, huamua kusafirisha magunia leo au kuyalalisha. Hupokea pesa bila kuvuka maji na noti kiunoni. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Akisikia upepo umechafuka upande wa pili, huwaambia wa boti wasitoke. Hilo la mwisho halimo kwenye hesabu ya asilimia yoyote, na huenda ndilo lenye thamani kuliko yote.

Kisha kuna deni.

Mvuvi wa sangara mara nyingi hana nyavu zake. Nyavu, mashine na mafuta hutoka kwa tajiri, na tajiri naye huenda amechukua fedha kwa wakala wa kiwanda. Sharti la mkopo halina maandishi marefu: samaki ni wa tajiri, kwa bei ya tajiri. Mvuvi huyo anaweza kupiga simu mialo mitano, akaambiwa bei tano zote zilizo juu kuliko anayolipwa, akakata simu, akapeleka samaki palepale. Habari anayo. Ni hiari ambayo hana, ile ambayo hadithi ya Muslim ilimrudishia mtu wa jangwani. Kwenye biashara ya kayabo, sangara wa chumvi wanaokwenda Kongo, ambayo mtafiti Modesta Medard na wenzake waliandika kuihusu mwaka 2019, mvutano ni wa namna hiyo: wanawake wa Mwaloni wanagombania samaki na wanaume wenye mitaji mizito, na aliyetanguliza pesa ndiye anayepimiwa kwanza.

Wala si ziwani tu. Thomas Molony wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, katika makala ya mwaka 2008, alifuatilia wakulima wa nyanya na viazi wa Iringa na wanunuzi wao wa Dar es Salaam, akakuta simu haikuwapa wakulima nguvu iliyotarajiwa kwa sababu mnunuzi ndiye aliyekuwa pia benki yao. Mkulima anayempigia mpinzani wa mkopeshaji wake anahatarisha mbegu za msimu ujao. Hata Kerala, Janaki Srinivasan na Jenna Burrell waliorudi kwa wavuvi na kuandika mwaka 2013 walionyesha kwamba kisa cha Jensen kilisimama juu ya mazingira ya mahali pale, na kwamba bei haikuwa sababu pekee ya mvuvi kuinua simu.

Mtu wa kusomwa hapa ni mchumi Amartya Sen. Alizaliwa Bengal mwaka 1933, na akiwa mtoto wa miaka tisa aliona njaa ya 1943, ambayo kwa makadirio yake iliua watu wapatao milioni tatu. Mwaka 1981 alichapisha uchambuzi uliowashtua wengi: Bengal haikukosa chakula kwa kiasi cha kueleza vifo hivyo. Vibarua, mafundi na wavuvi walipoteza uwezo wa kukinunua, wakafa mbele ya maduka yaliyo na mchele. Ukikisoma kisa cha Rhodes baada ya Sen, unaona upungufu wake mara moja. Cicero ameijaza Rhodes wanunuzi wenye fedha. Asiye na senti hayumo. Kwake yeye, kuambiwa kwamba meli kumi zinakuja ni kuongezewa uchungu. Ndiyo maana Sen, alipokuja kuieleza maana ya maendeleo mwaka 1999, hakuuliza mtu ana nini wala anajua nini, bali anaweza kufanya nini kwa kweli na maisha yake. Nyerere alikuwa ameshafika karibu na hapo mwaka 1968, katika waraka wa uhuru na maendeleo: mtu haendelezwi na mwingine, hujiendeleza kwa kushiriki kuamua mambo yanayomhusu. (Kwamba miaka michache baadaye watu walihamishwa kwa malori kwenda vijijini ni sehemu ya habari hiyo, na Usukumani wapo wanaoikumbuka kwa majina ya miti waliyoiacha.)

Watu wa Usukuma walikuwa na jaribio lao la teknolojia ya habari kabla ya simu. Teknolojia hiyo ilikuwa mizani. Katikati ya karne iliyopita pamba ya Kanda ya Ziwa ilinunuliwa na kuchambuliwa zaidi na wafanyabiashara wa asili ya India, jamii iliyokuwa na maduka tangu Mwanza mjini hadi vituo vya mbali porini. Bei ilipangwa na serikali ya kikoloni, kwa hiyo palipobaki nafasi ya ujanja ni kwenye uzito. Mkulima alifika na gunia alilolibeba kichwani kutoka shambani, akaambiwa uzito wa pamba yake na mtu anayeusoma peke yake. Si kila mwenye duka alikuwa mwizi. Wengi wao waliwakopesha wakulima nguo na jembe mwaka mzima, na deni hilo nalo lilikuwa na bei yake. Ila kutojua kwa mkulima kulikuwa mali ya mtu mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia. Hapo ndipo kisa cha Rhodes kilipotakiwa kuishia: sasa wote wanajua. Lakini wakulima hawakuishia hapo. Waliona kwamba anayejua amepunjwa na bado hana pengine pa kupeleka gunia lake anabaki na hasira tu. Wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililonunua pamba lenyewe na kumiliki vinu vya kuichambulia. Mpimaji alifungua jicho. Ushirika ulimpa mkulima mlango wa pili. Bomani akaja kuwa waziri wa fedha wa nchi huru. Na mizani? Kufikia 1966 serikali ililazimika kuunda kamati ya kuchunguza ushirika, kwa kuwa malalamiko ya wizi na hesabu za uongo yalikuwa yamegeukia viongozi wa vyama wenyewe. Aliyejua uzito sasa alikuwa ndugu, na bado alinyamaza.

Kuna pia bei ambazo hata ushirika bora haufiki zinakopangwa. Dengu za Misungwi na Kwimba, kama mbaazi za kusini, hulimwa kwa kuitazama India. Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi kutoka nje, na Desemba mwaka huo ikatoza dengu ushuru wa asilimia 30. Bei zikaanguka huku. Wakulima walizijua zilipoanguka. Walikuwa na simu. Uamuzi ulikuwa umetolewa kwa ajili ya wakulima wa India, ambao nao wana haki ya kulindwa na serikali yao, na hapo Antipater angebanwa vibaya: jamii ambayo binadamu amezaliwa kuihudumia inaishia kwenye mpaka upi?

Lakini geuzo kubwa ni jingine. Simu iliyotarajiwa kumpa mtu mdogo habari za wakubwa imekuwa ikiwapa wakubwa habari zake. Kufikia Januari 20, 2020, kila laini nchini ilitakiwa iwe imesajiliwa kwa alama za vidole. Julai 2021 serikali ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, ikaipunguza baada ya watu kupiga kelele. Iliwezekana kutoza kwa sababu sasa kila muamala unaonekana. Hayo angalau yanajadiliwa bungeni. Zikaja programu za kukopesha. Aliyekwisha kuikimbia mikopo ya kausha damu ya mtaani anapakua programu, anabonyeza kukubali, na kwa kubonyeza huko ameikabidhi orodha yote ya majina yaliyomo kwenye simu yake. Akichelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha unamfikia shemeji, mchungaji, mwajiri. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni.

Mkopeshaji wa namna hiyo anajua mkopaji anampigia nani usiku. Mkopaji hajui hata jina la mwenye programu, na riba halisi ataijua siku ya kulipa. Diogenes wa Babeli, aliyekuwa mpole kwa wauzaji, alidai angalau kasoro ya bidhaa itajwe. Hata yeye asingempitisha huyu.

Basi ukimrudia muuzaji wa dagaa, kunyamaza kwake ni kosa dogo. Mteja ana njia: kesho atapita kwa mwingine, au atakula mchicha. Antipater bado ana haki ya kumkera, na jirani mwema angemnong'oneza mteja wake asubiri siku moja. Walio na la kujibu zaidi ni wanaojua bei na pia wameshika nyavu, mafuta, au namba za ndugu zako. Deni lao haliishi kwa kutaja bei kwa sauti. Linawataka warudishe hiari, na ubao wa bei wa kielektroniki pale Kirumba hauwezi kufanya kazi hiyo hata ukining'inizwa kila kona.

Kinachoweza kuifanya ni mtaji usio wa tajiri, na sehemu ya mtaji huo inapita Buswelu. Soko la Mwaloni liko Ilemela; ushuru wa dagaa na kayabo ni mapato ya manispaa. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu bila riba, kwa mgawo wa nne, nne na mbili. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa na vikundi hewa kugunduliwa, ikarudishwa mwaka uliofuata. Inatolewa kwa vikundi vya wakazi wa halmashauri husika. Mama anayeanika dagaa Goziba yuko Muleba, mkoa wa Kagera. Yule wa Ukara yuko Ukerewe. Magunia yao yanashushwa Kirumba na kutozwa Kirumba, na fungu la asilimia 10 la ushuru huo linaombwa na watu wengine.